Pedali ya Gitaa Kavu na Swali la Sauti ya Kweli

Pedali ya gitaa kavu ni kisanduku kidogo cha chuma kinachokaa sakafuni, kati ya gitaa la umeme na miksa, ili kuipa sauti ya gitaa hilo tabia za gitaa la mbao lenye tumbo tupu. Mpigaji huikanyaga anapotaka sauti ya mbao, huikanyaga tena anapotaka kurudi kwenye umeme. Kampuni ya Boss ya Japani ilitoa pedali ya namna hiyo, AC-2, mwaka 1997, kisha ikatoa AC-3. Kampuni nyingine, zikiwemo Behringer na Joyo, zikaleta za bei nafuu.

Kifaa hiki kinaamsha swali la kale la falsafa: je, sauti isiyotoka katika chombo chake ni sauti ya kweli, au ni udanganyifu uliopendeza? Swali hilo lina uzito wake mahali kama Ndhiwa, katika Kaunti ya Homa Bay, kwenye barabara itokayo Rodi Kopany kuelekea Sori na mpakani mwa Migori. Huko muziki wa gitaa wenyewe ulikua kwa kuiga chombo kingine, na gitaa lina nafasi katika matanga na katika ibada pia. Ili swali lijibiwe kwa haki, kwanza lazima ieleweke pedali inaiga nini hasa, na inashindwa wapi.

Magitaa mawili, njia mbili za kuzaa sauti

Uzi peke yake hausikiki mbali, maana ni mwembamba mno kusukuma hewa ya kutosha. Katika gitaa kavu, mtetemo wa uzi hupita kwenye kidaraja na kuutikisa ubao wa juu, nao ubao husukuma hewa ya ndani na ya nje. Hewa iliyo tumboni huingia na kutoka kwa tundu, na ina mvumo wake wa asili ulio karibu na mitetemo 100 kwa sekunde. Ubao wa juu nao una mvumo wake, karibu na mitetemo 200. Mivumo hiyo miwili ndiyo inayozipa noti za chini unene unaohisiwa hata kifuani mwa mpigaji. Kwa kuwa ubao huchota nguvu ya uzi kwa haraka, kila noti huanza kwa mshindo na kufifia upesi. Juu kabisa, kupita mitetemo 5,000 kwa sekunde, husikika mng'aro wa nyuzi na mkwaruzo wa ukucha.

Gitaa la umeme la kawaida lina mwili wa mbao usio na tumbo. Chini ya nyuzi zake za chuma kuna pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Uzi unapotetemeka hubadili uga wa sumaku, na badiliko hilo huzaa umeme katika waya, kwa kanuni aliyoidhihirisha Michael Faraday mwaka 1831. Hakuna hewa inayopimwa hapo. Pikapu husikia uzi, na husikia sehemu moja tu ya uzi huo.

Jambo hilo la mwisho lina matokeo makubwa. Uzi hutetemeka kwa mafungu mengi kwa wakati mmoja: mzima, kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo, na kuendelea. Kila fungu lina sehemu zake zinazotulia. Pikapu iliyowekwa kwenye robo ya urefu wa uzi haipati fungu la nne la uzi ulioachwa wazi, kwa sababu hapo ndipo fungu hilo limetulia. Zaidi ya hayo, waya wa pikapu ukiungana na kebo hukuza sauti zilizo kati ya mitetemo 2,000 na 5,000 kwa sekunde, kisha huzidhoofisha zinazozidi hapo. Spika ya amplifaya ya gitaa nayo huangusha sauti hizo za juu. Tokeo ni sauti yenye kati iliyojaa, mwanzo laini na noti inayodumu, tofauti kabisa na ile ya mbao.

Kazi ya pedali

Kazi ya kwanza ya pedali ni kupanga upya uzito wa sauti. Machujio ya sakiti yake hupunguza sauti za kati, ambazo ndizo alama ya pikapu, na kuinua za chini na za juu. Kazi ya pili ni kuweka tumbo lisilokuwepo: chujio moja au zaidi hupangwa ili livume karibu na masafa ambayo hewa na ubao wa gitaa kavu vingevuma. Kazi ya tatu inahusu mwanzo wa noti. Baadhi ya pedali hupima nguvu ya mdono na kuzipa sauti za juu nafasi kubwa kwa muda mfupi sana, kisha kuzirudisha chini, ili noti ianze kwa mshindo. Nyingine huiponda ishara kidogo ili izae mitetemo mipya ya juu, na hivyo kufidia mng'aro ambao pikapu haikuupokea.

AC-2 inaonyesha mpango huo waziwazi. Ina vifundo vinne: cha kiwango cha sauti, cha tumbo, cha sauti za juu, na cha kuchagua aina ya gitaa, iwe la kawaida, lenye tumbo kubwa, lenye sauti iliyokolezwa, au lenye kipokezi cha piezo chini ya kidaraja. Aina hiyo ya mwisho ni ya kufikirisha. Inaiga gitaa kavu lililokwisha kuunganishwa na umeme, yaani inaiga sauti ambayo yenyewe imeshaachana na hewa ya tumbo.

Pedali za kidijitali huenda mbali zaidi. Huikata ishara vipande 44,100 au zaidi kwa sekunde na kuvipigia hesabu. Njia mojawapo huanza kwa kukigonga kidaraja cha gitaa kavu halisi mara moja tu. Maikrofoni hunasa jinsi mbao na hewa zinavyoitikia, na mwitikio huo hutunzwa kama orodha ndefu ya namba. Baadaye kila kipande cha ishara ya gitaa la umeme huzidishwa kwa orodha hiyo nzima, na majibu yote hujumlishwa. Noti hutoka kana kwamba imepita katika mbao zilezile zilizogongwa siku ya kurekodi.

Mipaka ya kazi hii ni mitatu. Wa kwanza, chujio haliwezi kurejesha kile ambacho hakikunaswa: fungu la uzi lililokosekana kwenye pikapu halina pa kutokea, na kuinua sauti za juu kunainua pia kelele za umeme zilizojificha humo. Ndiyo sababu pedali hufanya vizuri zaidi na pikapu ya koili moja, ambayo hupitisha sauti nyingi za juu kuliko ile ya koili mbili. Wa pili, katika gitaa kavu mbao na uzi huathiriana. Ubao hupokea nguvu na pia huamua noti ife lini. Katika pedali mawasiliano ni ya upande mmoja. Uzi wa gitaa la umeme hauna habari ya tumbo lililobuniwa mbele yake, na huendelea kulia muda wake wa kawaida. Wa tatu, sauti hutoka kwenye spika, wala haienei kutoka pande zote za chombo kilichopakatwa. Kwa hiyo pedali hupelekwa kwenye miksa na spika za ukumbi, kwa kuwa amplifaya ya gitaa ingezima mng'aro wote uliokwisha kutengenezwa.

Manufaa yake ni ya kivitendo. Katika uwanja wa wazi, ambako spika husimama hatua chache kutoka kwa wapigaji, gitaa kavu lililowekewa maikrofoni hupiga mluzi upesi, maana tumbo lake hupokea sauti ya spika na kuirudisha. Gitaa la umeme lenye pedali halina tumbo la kutikiswa hivyo. Tena mpigaji mmoja mwenye gitaa moja huweza kupita kutoka wimbo wa kuomboleza wenye sauti ya mbao hadi muziki wa benga wenye solo kali bila kubadili chombo.

Mnyororo wa kuiga katika Nyanza Kusini

Kabla ya gitaa, chombo kikuu cha nyuzi kwa Waluo wa Nyanza Kusini, eneo lenye Ndhiwa, kilikuwa nyatiti, yenye nyuzi nane na tumbo lililowambwa ngozi. Mpigaji huketi chini akidonoa nyuzi kwa mikono miwili, amevaa gara, yaani njuga, mguuni, na pete ya chuma iitwayo oduong'o kwenye kidole gumba cha mguu. Kwa pete hiyo hugonga ukingo wa chombo na kujiwekea mapigo. Mtu mmoja hubeba nyimbo, nyuzi na mdundo.

Gitaa lilipoenea Nyanza baada ya Vita Kuu ya Pili, pamoja na askari waliorudi na sahani za santuri zilizoleta upigaji wa vidole wa akina Jean-Bosco Mwenda kutoka Katanga, wapigaji wa Kiluo waliingiza humo midono ya nyatiti. Gitaa la umeme lilipokuja, midono hiyo ilihamia kwenye solo ya juu inayokimbizana na sauti ya mwimbaji. Hivyo ndivyo benga ilivyojengeka. D. O. Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania mwaka 1940 na kufariki mwaka 2006, aliieneza pande zote mbili za mpaka akiwa na bendi ya Shirati Jazz. Ochieng' Nelly na Collela Mazee waliipa nguvu nyingine wakiwa na Victoria Jazz. Baadaye kinanda cha umeme kiliingia katika muziki wa ohangla na kuchukua sehemu ya kazi ya vyombo vya asili, kama kilivyofanya katika taarabu ya kisasa ya Pwani na Zanzibar.

Pedali ya gitaa kavu, ikifika Ndhiwa, inakuta mnyororo huo umekwisha kufumwa. Gitaa la umeme linaiga gitaa la mbao, na gitaa la mbao liliwahi kuiga nyatiti. Hata hivyo hakuna mchezaji wa benga anayelalamika kwamba amedanganywa kwa kuwa hakuna ngozi wala oduong'o jukwaani. Kuna kitu kilichohama kutoka chombo hadi chombo bila kupotea, na kitu hicho hakikuwa rangi ya sauti. Solo ya benga haina sauti ya nyatiti. Ina mwendo wake, majibizano yake na mkono wake.

Kuiga na kudanganya

Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, anataja vitanda vitatu: kile cha asili alichokiumba mungu, kile cha seremala, na kile cha mchoraji. Mchoraji yuko mbali zaidi na ukweli, maana hunakili jinsi kitanda kinavyoonekana bila kujua kinavyotengenezwa. Kwa kipimo hicho pedali ingeonekana mchoraji wa sauti, yenye kunakili sura ya nje ya gitaa. Lakini lawama ya Plato ni ya ujinga wa mwigaji. Fundi wa pedali hawezi kuiga tumbo la gitaa pasipo kujua hewa huvuma wapi na ubao huchota nguvu kwa kasi gani. Kuiga kwake kunapita katika maarifa ya kitu chenyewe. Aristotle, mwanafunzi wa Plato, alikuwa karibu zaidi na jambo hili aliposema katika Ushairi kwamba binadamu hujifunza kwa kuiga na hufurahia kukitambua kilichoigwa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa Immanuel Kant. Katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu, anasimulia juu ya mwenye nyumba ya wageni aliyemficha kijana vichakani ili aige kwa unyasi sauti ya ndege mwimbaji wa usiku. Wageni hufurahi mpaka wanapogundua hila, na hapo hakuna awezaye kuvumilia kuusikiliza wimbo uleule uliowapendeza punde tu. Sauti haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni habari ya mtendaji. Wageni walikuja kumsikia ndege, kumbe walikuwa wanamsikia kijana wa kulipwa.

Ndhiwa ina simulizi inayogeuza mfano huo. Gor Mahia, mganga mashuhuri wa Kanyamwa ambaye jina lake lilipewa klabu ya soka iliyoundwa mwaka 1968, anasimuliwa kuwa aliweza kujigeuza: wageni walimtafuta mtu mzima wakamkuta mtoto, au bibi kizee, asitambulike. Simulizi hiyo haihitaji kuaminiwa kama historia ili ifae kwa hoja. Ndani yake sura ni ya kuazima, lakini anayekaa nyuma ya sura ni yuleyule. Kwa Kant sura ni sahihi na mtendaji ni wa uongo. Kwa Gor sura ni ya uongo na mtendaji ni wa kweli.

Mifano hiyo miwili inatenganisha mambo matatu ambayo neno "feki" huyachanganya. La kwanza ni mfanano: sauti hii inakaribia kiasi gani ile inayoigwa? Hilo ni swali la fizikia, na jibu ni kwamba inakaribia kwa sehemu. La pili ni chanzo: mbao zilitetemeka au hazikutetemeka? Hazikutetemeka, na hakuna pedali itakayobadili hilo. La tatu ni utendaji: nani anapiga, na kinachosikika kinamfuata yeye? Hapa pedali iko upande wa Gor. Mpigaji akikosea, pedali hukosea naye. Akidonoa kwa upole, hutoa upole. Mpaka uleule ulioonekana kuwa udhaifu wake, yaani kushindwa kutoa kile ambacho uzi haukuleta, ndio unaoifanya iwe chini ya mkono wa mtu.

Udanganyifu bado unawezekana, ila makao yake ni katika dai. Anayeuza rekodi akitangaza kwamba imepigwa kwa gitaa la mbao, ilhali ni pedali, amesema uongo kwa maneno yake. Anayepiga mbele ya watu wanaoliona gitaa la umeme mkononi mwake hajasema lolote la uongo. Uzito wa dai nao hutegemea msikilizaji amekuja kutafuta nini. Mchezaji wa benga hutafuta solo na mdundo. Mtafiti wa sauti za mbao hutafuta mbao, na kwake kosa ni kubwa.

Swali la ibada

Katika ibada swali hubadilika, kwa sababu muziki huo huhesabiwa kuwa sadaka, na sadaka hupimwa kwa unyofu wa mtoaji. Nyanza Kusini ina mapokeo mengi juu ya jambo hili. Wasabato, waliofungua misheni ya Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906, wana mwongozo wa kanisa unaoonya dhidi ya muziki wenye asili ya jazi na roki. Makanisa ya Roho, yaliyozuka Nyanza mapema karne ya 20, hayakuwa na shaka na ngoma. Wakatoliki, ambao tangu mwaka 1993 wana Jimbo la Homa Bay, wanaongozwa na maagizo ya Roma.

Maagizo hayo yamewahi kulikabili swali la sauti ya kuiga moja kwa moja. Waraka wa Septemba 1958 kuhusu muziki mtakatifu ulikataza katika liturujia mashine zinazojipiga zenyewe, kama santuri, redio na kinasa sauti. Kinanda cha umeme kinachoiga kile cha mabomba ulikivumilia kwa muda, mahali ambapo parokia haina uwezo wa kupata hata kidogo cha mabomba, na kwa ruhusa ya askofu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, ulikipa kinanda cha mabomba heshima ya kwanza, na ukaruhusu vyombo vingine vinavyofaa, kwa idhini ya mamlaka ya kanisa la mahali.

Mstari uliochorwa mwaka 1958 ni wa kifalsafa zaidi kuliko unavyoonekana. Kinanda cha umeme kina sauti ya kuazima, lakini kuna mtu anayekipiga wakati ule wa sala. Santuri inaweza kuwa na sauti ya kinanda halisi kabisa, ila hakuna anayesali kwa mikono yake pale. Waraka ulikataa kukosekana kwa mtendaji, na ukavumilia kukosekana kwa mabomba. Kwa mantiki hiyo pedali ya gitaa kavu iko kundi moja na kinanda cha umeme. Kinanda cha kisasa kikiachwa kicheze wimbo uliohifadhiwa ndani huku mpigaji amekunja mikono, kinasogea kwenye kundi la santuri, hata kama sauti zake ni safi zaidi.

Pingamizi linalobaki ni la wale wanaoona kwamba mbao, ngozi na hewa ni viumbe vinavyoshiriki kusifu, na kwamba kuvibadilisha kwa hesabu ni kuviondoa kwenye sifa hiyo. Pingamizi hilo lina haki yake, na pedali haiwezi kulijibu, maana linahusu chanzo na chanzo hakipo. Lakini likishikwa kikamilifu linagusa pia maikrofoni na spika, ambazo nazo hubadili sauti ya mwimbaji kuwa umeme kabla ya kuirudisha hewani. Kanisa linalokubali spika limeshakubali kwamba sauti inaweza kupita katika umeme na ikabaki ya mwimbaji. Linalobaki kuamuliwa ni sauti hiyo ibadilishwe kwa kiasi gani kabla haijakoma kuwa yake.

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anatoa kipimo kinachofaa hapa. Anasema kwamba filimbi au kinubi, vitu visivyo na uhai, visipotoa sauti zinazotofautishika, msikilizaji hatajua kinachopigwa. Chombo, kwa hoja hiyo, hupimwa kwa kueleweka kwake, na ueleweko hutoka kwa anayekipiga. Pedali inayopeleka mdono wa mpigaji kwa waumini ukiwa wazi inatimiza kazi ya chombo. Inayofunika makosa, kusawazisha nguvu zote na kufanya kila mkono usikike sawa imepunguza kile ambacho ibada inakitaka, hata ikiwa sauti yake haitofautishiki na mbao. Kwa hiyo kinachohitaji kuchunguzwa zaidi ya mfanano wa sauti ni nafasi inayoachiwa vidole vya mpigaji.